Jiwe la Bafuni kwa Gavana

Machi 24

Nimefika salama, tumbo tu ndilo halijafika. Kwenye meli nilitapika mpaka mama aliyekaa pembeni yangu akahamisha mtoto, halafu akahamisha mizigo, mwisho akahama mwenyewe. Mimi ni fundi wa makochi, mtu wa bara. Maji ninayoyajua ni ya kwenye ndoo. Lakini shemeji, mume wa dada yangu, amevunjika mguu, na kama hakuna wa kumshikia nafasi yake kazini mpaka mvua ziishe, nafasi itaenda kwa mwingine. Dada alinipigia simu akaniuliza, "Wewe, samaki unawajua?"

Nikasema nawajua.

Nawajua wakishakaangwa. Hilo sikulisema. Daftari hili nimelinunua bandarini ili niandike majina yao nijifunze.

Machi 25

Kazi yenyewe iko kwenye jumba alilojijengea gavana enzi za wakoloni, juu ya bandari, katikati ya ofisi zote za serikali. Siku hizi ni nyumba ya viumbe wa baharini, watu wanakata tiketi wanaingia kuangalia. Ukumbi ambao gavana alikuwa anachezea dansi umejaa matangi ya vioo. Mzinga wake wa kufukuzia meli za maadui bado umeelekezwa baharini, na Mama Tiketi, anayekata tiketi, anaanikia madekio juu yake. Picha ya gavana mwenyewe imetundikwa juu ya ngazi, amenuna. Na mimi ningenuna kama ningemwona anayelala kwenye beseni langu la kuogea.

Maana ghorofani, bafuni kwa gavana, kwenye beseni la marumaru, wamemweka pweza. Wanamwita Mheshimiwa. Kichwa kama mto wa kochi uliopwaya, na macho ya mtu anayekusubiri umalize kusema uongo.

Jioni shemeji akaniita, mguu wenye plasta ukiwa juu ya stuli. "Shemeji, mengine yote ukikosea tutasameheana. Ila kwa Mheshimiwa kuna kifuniko cha mbao, na juu ya kifuniko kuna jiwe. Ukimaliza kumlisha, rudisha jiwe."

Nikasema nimeelewa. Nilitaka kumuuliza jiwe ni la nini, dada akaleta chakula.

Machi 28

Bosi wetu ni mwanamke, anaitwa Daktari. Ni daktari wa samaki, lakini watu mtaani hawajali, leo amekuja bibi mmoja na goti lililovimba. Daktari amemwangalia goti. Ni mtu mzuri ila haongei sana. Ghorofani, chumba kinachofuata baada ya bafu, kilichokuwa chumba cha nguo cha mke wa gavana, anafuga kaa kwenye trei za maji. Amewalea tangu wakiwa kama chawa na amewapaka rangi mgongoni mmoja mmoja. Akiwaangalia anatabasamu. Sisi hatutabasamii.

Yule ninayemchukia ni mlinzi, Kamanda. Anakaa mlangoni kwenye kiti cha zamani cha gavana, pamba inachungulia kwenye kalio kama inaomba msaada. Leo kamba mkubwa alinirukia nikapiga kelele, na Kamanda akacheka mpaka akashika ukuta. "Bara, huyo hana ugomvi na wewe. Anataka kupita tu." Sasa kila mtu ananiita Bara.

Aprili 2

Jiwe lile lina uzito wa kochi la watu wawili. Kulitoa asubuhi, kulirudisha, kulitoa jioni, kulirudisha. Mgongo umegoma. Na mlango wa bafu nao unajibamiza kwa upepo. Leo nimelishusha jiwe nimelitegesha mlangoni, limetulia vizuri sana. Kila kitu kina kazi yake.

Aprili 3

Mvua.

Aprili 4

Mvua. Paa linavuja, korido ya ghorofani ina maji kutoka bafuni mpaka kwa kaa. Nimepanga ndoo. Gavana ananiangalia.

Aprili 5

Asubuhi nimekuta jiwe limerudi juu ya kifuniko. Sikulirudisha mimi. Hapa kazini kuna watu wana utani. Nimelishusha.

Aprili 6

Limerudi tena. Nimelishusha tena. Aliyeanza ndiye atakayechoka.

Aprili 9

Leo kumewaka.

Kaa wamepungua. Siyo mmoja. Kwenye trei zimebaki kucha na magamba yenye rangi. Daktari alitukusanya wote ofisini kwake, akaweka gamba moja mezani, na akawa analitazama hilo badala ya kututazama sisi. Mama Tiketi akasema lake, "Kikulacho ki nguoni mwako." Hakuna aliyemuuliza.

Daktari akanigeukia. "Fundi, jiwe la Mheshimiwa lipo?"

Nikasema, "Lipo."

Na lilikuwepo. Nilikuwa nimeliona asubuhi, limezuia mlango.

Akauliza tena, "Wakati wa chakula cha mchana, sisi wote tukienda nyumbani, nani anabaki humu ndani?"

Nikasema, "Kamanda."

Hilo nalo ni kweli. Anabaki, anakula chakula chake pale mlangoni kwenye mkebe. Basi ningeishia hapo. Lakini baada ya kusema "Kamanda", nikakohoa. Mara moja tu. Sikuwa na mafua. Ni kile kikohozi ambacho mtu anakitoa kwenye msiba mrithi asiyependwa akiingia. Chumba kizima kikakielewa. Mama Tiketi akatikisa kichwa. Daktari akalisogeza lile gamba kidogo kwa kidole.

Kamanda mwenyewe alikuwa pale nje kwenye kiti chake, na mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Sikuona uso wake.

Nimerudi nyumbani nikala vizuri.

Aprili 10

Daktari ameamua kuanzia Jumatatu Kamanda ahamie getini, nje, ndani asiingie. Mama Tiketi anasema hata wakubwa wameshaambiwa. Getini hakuna kibanda. Kuna nguzo mbili na simba wa mawe aliyewekwa na gavana, na huyo simba hana masikio.

Nimejiambia kama kala kaa wa watu, acha alowe.

Aprili 11

Sasa najua kaa wanakwenda wapi.

Mvua ilikuwa kubwa, mchana sikuweza kwenda nyumbani. Nikajikunyata ghorofani kwenye stuli, pembeni ya ndoo zangu, nakula mkate. Umeme ulikatika, pampu ikanyamaza, jumba likawa kimya. Nikasikia kitu kinasema *plap*. Halafu *plap*. Nikafikiri ni ndoo.

Kifuniko cha bafu kilikuwa kinainuka kwa upole, kama mtu anayefunua sufuria jikoni kwa mwenzake. Mkono ukatoka. Ukapapasa marumaru. Wa pili ukatoka. Mheshimiwa akajimwaga chini kama uji, akajikusanya, akaanza safari. Alipita mlango wa bafu, uliokuwa wazi kabisa, ahsante jiwe langu. Alipita koridoni kwenye maji yaliyovuja, bila haraka, kama mwenye nyumba. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya stuli, mkate mdomoni. Alipofika usawa wangu akanitupia jicho. Akaendelea. Akaingia kwa kaa.

Kilichofuata nilikisikia tu. Kaa ana sauti ya karanga.

Baadaye akarudi njia ileile, akapanda beseni, akavuta kifuniko kwa ndani. Akafunga, naapa. Mtu mzima mwenye adabu.

Nilishuka kwenye stuli, nikalibeba jiwe, sikusikia mgongo hata kidogo, nikalirudisha mahali pake. Halafu nikakaa chini kwenye maji.

Nilitakiwa kwenda moja kwa moja kwa Daktari. Nilifika mpaka kwenye picha ya gavana. Pale nikafikiri, nikisema, wataniuliza jiwe lilikuwa wapi. Wakishajua, nani anaondoka? Mimi siyo mfanyakazi wa pale. Kazi ni ya shemeji. Nikageuka.

Nimejiambia, jiwe limerudi, kaa hawataliwa tena, mambo yatapoa yenyewe.

Aprili 13

Mvua. Kamanda getini.

Aprili 14

Mvua. Kamanda getini.

Aprili 15

Mvua. Kamanda getini. Amejifunika mfuko wa plastiki kichwani. Nilipopita alisema, "Habari za asubuhi, Bara." Nikajibu nikiwa nimeshapita.

Aprili 20

Mambo hayajapoa, yamekaangika.

Daktari alitukusanya tena. Akasema tangu Kamanda atoke ndani hakuna kaa hata mmoja aliyepotea. "Mnaona?" Alisema kwa huzuni, siyo kwa kushangilia. Mkataba wa Kamanda unaisha mvua zikiisha, na hatapewa mwingine.

Yaani mimi kulirudisha jiwe ndiyo nimemmalizia. Ningeliacha mlangoni, Mheshimiwa angeendelea kula, na wangejua siyo Kamanda. Nimetubu nusu, na nusu yenyewe imekuwa ushahidi.

Nilifungua mdomo. Daktari akaniangalia. "Unasemaje, Fundi?"

Nikasema ndoo za ghorofani zimejaa.

Aprili 21

Mvua. Kamanda getini.

Aprili 22

Vilevile.

Aprili 26

Nimempelekea mwavuli wa dada. Aliushika, akaugeuza akaangalia maua yake, akasema, "Huu wa kike."

"Mvua haiulizi, Kamanda."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Siyo kama changu. Chake kinatoka chini kwenye mbavu, kinamkunja. Nimesimama namwangalia mtu anakohoa kikohozi ambacho nilikianza mimi ofisini.

Aliniambia ana binti anayemaliza shule mwaka huu. Kwamba anafundishwa mambo ya samaki. Kwamba Daktari ndiye anayemwazima vitabu, "sijui sasa kama ataendelea." Alisema hivyo bila kuninyooshea kidole, kama mtu anayeongelea hali ya hewa.

Simchukii tena. Ingekuwa rahisi ningeendelea kumchukia.

Aprili 30

Nimejaribu nyumbani. Tulikuwa tunakula, nikasema, "Shemeji, hivi mtu akikosea kazini kidogo..."

Dada akaweka kijiko chini. "Umeua nini?"

"Sijaua kitu."

"Wewe mtoto nakujua." Nina miaka hamsini na mbili, lakini kwa dada mimi bado nimevunja mtungi. "Kazi ile ndiyo paa la nyumba hii. Ukiiharibu, usitafute meli, ogelea urudi kwenu."

Shemeji akasema, "Mwache, mke wangu, shemeji anajitahidi. Daktari kaniambia kila kitu kimetulia." Akasugua goti. "Kinachonisumbua ni Kamanda. Kamanda hawezi kuiba. Mimi nilipoanguka kwenye ngazi za gavana, yeye ndiye alinibeba mgongoni mpaka hospitali."

Nikaomba maji ya kunywa.

Mei 3

Mchana mvua ilikuwa ya rasharasha. Nilichukua stuli nikaenda kukaa na Kamanda chini ya mwavuli wa maua. Tulikaa tunaangalia magari ya wakubwa yanapita na vidimbwi vyao. Halafu akauliza, "Mgongo unaendeleaje?"

"Mgongo gani?"

"Ule ulioshindwa na jiwe."

Nilihisi kama mtu amenimwagia ndoo zote za koridoni.

"Ulijua?"

"Jioni mkishaondoka mimi ndiye nilikuwa nazunguka kufunga madirisha. Nikaona jiwe limezuia mlango. Nikasema, huyu Bara anaogopa mlango kuliko pweza. Nikalirudisha. Kesho yake ukalishusha. Nikalirudisha. Ukalishusha. Mara ya tatu nikasema, basi, mwenye kazi kaamua."

"Sasa mbona siku ile hukusema?"

"Ningesema, wangemfukuza nani? Shemeji yako. Na yeye sasa hivi ana mguu mmoja. Mimi ninayo miwili." Akakohoa mpaka mwavuli ukatikisika. Alipotulia akasema, "Ila Bara, kile kikohozi. Jiwe nimekusamehe, jiwe ni zito. Lakini kukohoa nako kulikuwa na uzito gani?"

Nimekaa na daftari hili kuhesabu. Kumbe mimi nilikuwa sijasema uongo hata mara moja tangu dada anipigie simu. Samaki nawajua. Jiwe lipo. Kamanda anabaki. Yote kweli. Na kwa kweli zangu hizo tatu mtu wa watu yuko kwenye mvua na simba asiye na masikio.

Mei 4

Nimesema.

Asubuhi kabla ya wageni nilipanda ghorofani, nikalitoa jiwe juu ya kifuniko, nikashuka nalo ngazi zote mpaka ofisini kwa Daktari, nikaliweka mezani kwake.

"Daktari, jiwe hili hapa."

"Naliona. Linanilowanishia karatasi."

Nikamwambia yote. Mgongo, mlango, Mheshimiwa na safari yake, stuli, mkate. Nikamwambia Kamanda hajawahi kugusa hata ukucha wa kaa. Alinisikiliza mikono imetulia.

"Kwa hiyo siku ile nilipokuuliza kama jiwe lipo."

"Lilikuwepo. Lilikuwa linazuia mlango."

"Unadhani jiwe liliwekwa la nini, Fundi?"

"Nilidhani ni mambo ya gavana."

Akafumba macho kidogo. "Na kikohozi?"

"Hakikuwa na mafua, Daktari."

Nikamwomba lawama iwe yangu, isiwe ya shemeji, maana alinifundisha jiwe tangu siku ya kwanza. Akasema, "Nimeshawaambia wakubwa kwamba mlinzi wangu ni mwizi. Sasa niwapigie niwaambie mwizi ni pweza. Kabla sijapiga, nataka nimwone kwa macho yangu."

Basi mchana, kifuniko bila jiwe, tukapangwa koridoni kwenye viti kama tunasubiri sinema: Daktari, Mama Tiketi, Kamanda amelowa bado, na mimi. Shemeji alipigiwa simu, akaja na magongo yake, na nyuma yake akaja dada, ambaye hakuna aliyempigia.

Tukasubiri. Kifuniko kimya. Mama Tiketi akasema labda ameokoka. Tukasubiri tena. Nilianza kumwomba Mheshimiwa kimoyomoyo, njoo, mwizi wangu, njoo uniokoe. Hakuna. Daktari akaangalia saa.

Hapo uvumilivu wa dada ukakatika. Akasimama. "Yaani wewe mtoto. Nimekutoa bara, nimekulisha, nimekuazima mwavuli wangu, ukaja kushindwa na jiwe? Jiwe? Marehemu mama alikuwa anabeba kuni na wewe ukiwa mgongoni, na ulikuwa mnene." Shemeji akasema, "Mke wangu, taratibu." "Taratibu ya nini, na wewe ulimwelezaje? Ulimwambia pweza anatembea?" "Nilimwambia arudishe jiwe." "Kwa hiyo hukumwambia." "Ulileta chakula." "Sasa kosa la chakula changu." Kamanda akaingilia, "Shemeji, yameshapita," dada akamgeukia, "Na wewe nyamaza, mtu mzima unanyeshewa mwezi mzima bila kusema, unafikiri ni sifa?" Sote tukawa tunamwangalia dada. Hata gavana, nadhani.

Mama Tiketi akanyoosha mkono polepole kama mwanafunzi.

"Samahani jamani, sitaki kuingilia mambo ya familia. Lakini Mheshimiwa amepita."

Tukatazama chini. Kulikuwa na mchirizi wa maji umepita nyuma ya viti vyetu, katikati ya magongo ya shemeji. Kutoka chumba cha nguo cha mke wa gavana ikasikika sauti ya karanga.

Daktari alikimbia. Alirudi amembeba Mheshimiwa mikononi kama mtoto aliyemaliza uji wa ulezi, na pweza alikuwa ameshika ukucha wa kaa kwa mkono mmoja, hataki kuuachia. Daktari akasimama mbele ya Kamanda hivyo hivyo, anachuruzika maji.

"Kamanda, nimekukosea mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele ya watu. Nitawapigia wakubwa sasa hivi."

Kamanda akafikiri. "Mimi naomba kiti changu tu, Daktari."

Kazi ya shemeji ipo. Mpaka apone, Kamanda atalisha viumbe, maana anajua pa kuweka jiwe. Daktari akaniuliza mimi nifanyiwe nini. Nikaomba geti.

Mei 5

Mvua. Mimi getini.

Mei 6

Mvua. Mimi getini. Simba huyu anavuja puani.

Mei 9

Kamanda amenikabidhi kiti cha gavana kinyeshewe pamoja na mimi, ati kimezoea wakubwa. Ni utani. Lakini nilikivua ngozi nikaanza kukishona hapa hapa chini ya mwavuli. Ndani nilikuta pamba za aina tatu na sarafu moja ya wakoloni iliyoliwa na kutu. Kazi hii ninaijua. Sihitaji kusema kwamba ninaijua.

Mei 12

Kikohozi cha Kamanda kimepungua. Binti yake amepita na kitabu kikubwa cha Daktari kwapani, akanisalimia, "Shikamoo, Bara."

Mei 17

Mvua zimeisha. Shemeji anatembea. Kiti kimekwisha jana, Kamanda alikikalia, akajipimapima, akasema, "Sasa nitalala kazini, na hilo nalo litakuwa kosa lako."

Leo naondoka. Daktari alitelemka kuniaga, Kamanda yuko pembeni na funguo zake. Daktari akanipa mkono, halafu akamgeukia yeye.

"Hivi kweli Fundi alikaa getini siku zote hizi? Na zile za mvua kubwa? Hakutoroka?"

Kamanda akaniangalia. Akaangalia mbali, kwenye mzinga na madekio ya Mama Tiketi. Akavuta pumzi.

Akakohoa. Mara moja.

Nilikaa ndani ya kimya kile, na nadhani kilikuwa kifupi, lakini nilikijua kila kona. Ndipo Kamanda alipopasuka kucheka, akashika ukuta kama siku ile ya kamba.

"Alikuwepo, Daktari. Nimemwona kwa macho yangu."

Alinibebea begi mpaka barabarani. Nilikuwa nimemnunulia dada mwavuli mpya, kwa hiyo ule wa maua nikamwachia Kamanda. Alikataa. Nikamwambia mgongo wangu hauwezi kuubeba.